Zepelini kufungwa kileleni Empire State: ilikwama wapi?

Swali: Wakuu, ule mnara wa juu ya jengo la Empire State, New York, ulikusudiwa zepelini (vyombo vikubwa vya angani vinavyoelea kwa gesi nyepesi) zifungwe pale abiria washuke. Nini kilishindikana?

Jibu: Upepo, mkuu. Zepelini hufungwa pua tu. Mkia lazima uwe huru kugeuka na upepo. Graf Zeppelin, zepelini ya Wajerumani, ilikuwa na urefu wa mita 236 na ushee. Uwanjani kuna watu wa kushika kamba. Mita 381 juu, nani ashike? Tena upepo ukigonga ghorofa hupanda juu na kuinua mkia. Hata uwanjani Lakehurst, Marekani, 1927, hewa baridi ya bahari iliinua mkia wa USS Los Angeles, zepelini ya jeshi la majini la Marekani, ikiwa imefungwa mlingotini, ikasimama karibu wima, pua chini!

Jibu: Na maji je? Ili chombo kisawazike humwaga maji ya uzito, hapo yangewaangukia wapita njia. Abiria nao wavuke kijidaraja kinachoyumba hadi ghorofa ya 102. Septemba 1931 chombo kidogo kilifungwa kwa kamba dakika 3 tu, upepo ukivuma kama kilomita 64 kwa saa. Mnara ukaishia kubeba antena.