Naomba hifadhi ya siku tatu mwezi wa Desemba, na neno kuhusu mizigo ya Mombasa

Assalaam alaikum. Wazee wangu wa Minnesota shikamooni, na wa rika langu hamjambo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Likoni, Mombasa, na baadhi yenu mliniona kwenye futari ya Ramadhani iliyopita nikigawa tende. Desemba hii nimejaliwa kwenda nyumbani kwa mara ya kwanza tangu nije huku. Mwaka jana nilibaki nikafanya kazi maktabani, kwa kuwa wakati wa masomo sisi wenye viza ya mwanafunzi haturuhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki, lakini likizoni kazi ya chuoni tunaweza kuifanya kutwa nzima, na akiba ya siku zile ndiyo iliyonunua tiketi hii.

Shida yangu ni siku tatu. Bweni linafungwa Jumamosi saa sita mchana, kesho yake baada ya mtihani wa mwisho, na tiketi niliyoimudu ni ya Jumanne usiku. Kila mlango umebandikwa karatasi inayotuagiza tuchomoe nyaya zote, tutoe chakula kwenye friji, tufunge madirisha na kuzima taa, na nimeisoma mara kadhaa nikitafuta mstari unaomhusu mtu ambaye kwao ni safari ya siku nzima kwa ndege, nisiuone. Mkahawa nao unafungwa siku hiyo hiyo. Hili linanikera kuliko mambo yote ya maisha ya chuo, kwa sababu mwezi wa Agosti tulipokaribishwa tuliambiwa kwamba hapa ni kwetu. Kero nyingine ninazivumilia, hata ile ya wiki iliyopita, mtu alipounguza bisi saa nane za usiku, king'ora kikalia, tukasimama nje kwenye theluji karibu nusu saa, mimi nikiwa na champali miguuni.

Mama hunipigia simu akishaswali alfajiri, ambapo huku, tangu saa zirudishwe nyuma mwezi huu wa Novemba, huwa ni saa mbili na nusu usiku. Kila siku swali lake la kwanza ni nitalala wapi siku hizo tatu, nami sina jibu. Kwa hiyo nawaomba: mwenye nafasi hata ya godoro sebuleni, tafadhali aniambie.

Kuhusu mizigo, tangu habari ya safari ienee nimeombwa kubeba vitu tisa, na mabegi yangu ni mawili ya kilo 23 kila moja. Nitabeba nitakachoweza kwa moyo mkunjufu, ila naomba kila kitu kiletwe kikiwa wazi, tukifungie pamoja, kwa kuwa uwanjani nitaulizwa kama mabegi nimeyafunga mwenyewe na sitaki kujibu uongo. Atakayetuma simu mpya aweke risiti, na tuelewane mapema ni nani atakayelipa ushuru ukidaiwa.

Kwa wanafunzi wenzangu mnaosafiri: hakikisheni I-20, yaani ile hati ya chuo inayothibitisha kuwa wewe ni mwanafunzi, ina saini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni isiyozidi mwaka mmoja, na mwangalie tarehe ya viza kabla ya kununua tiketi. Viza ikiisha ukiwa ndani ya nchi unaendelea kusoma, lakini ukishatoka hurudi mpaka upate nyingine. Mimi nilikosea jambo moja dogo: niliiacha laini yangu ya Kenya ikafa, na tiketi ya treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Miritini hulipiwa kwa M-Pesa, basi imenibidi nimsumbue binamu yangu anikatie.

Mwanafunzi wa Likoni

* * *

Waalaikum salaam, mwanangu, na marahaba.

Chumba cha chini hapa kwangu Brooklyn Park ki wazi, kina kitanda na kina joto. Jumamosi mume wangu atakuja kukuchukua kabla ya hiyo saa sita, na Jumanne tutakupeleka uwanjani. Usinunue chakula. Mimi nilipokuja nikiwa msichana nilipokewa na watu nisiowajua, nikakaa nao miezi minne.

Katika hivyo vitu tisa, dawa za presha nakusihi usizibebe bila chupa yake yenye jina la mgonjwa na jina la dawa. Wakati wa kurudi, achari na mabuyu uyatangaze kwa watu wa forodha, maana adhabu ni ya anayeficha, na nyama usibebe hata kipande, hata ikiwa imekaushwa.

Mama wa Brooklyn Park

* * *

Mama yangu, shukran sana, Mungu akujaze kheri.

Nilimweleza mama jana usiku, kwake alfajiri. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia niulize mambo mawili: kama mzee anakula halua nyeusi au nyekundu, na leso uipendayo ni ya rangi gani. Anaomba jibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu siku hiyo atavuka feri kwenda Mtaa wa Biashara.

Mwanao wa Likoni