Ghala moja la vinywaji Kigoma, wakaguzi kila mmoja na lake: huu ni usajili au ni adhabu?

Ndugu wanajamvi,

Naufungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni muuzaji wa jumla wa soda, maji ya chupa na bia hapa Kigoma Mjini. Mzigo hutoka Dar es Salaam, hushushwa ghalani Mwanga, kisha sehemu kubwa huteremshwa Kibirizi na kupakiwa kwenye maboti yanayokwenda vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Sitengenezi kinywaji wala sifungui chupa. Kreti huingia zikiwa zimefungwa na hutoka hivyo hivyo.

Kwamba ghala kama hili lisajiliwe, sina ubishi hata kidogo. Maji ya chupa yakilazwa karibu na mafuta ya taa au dawa za mashambani hunasa harufu, soda iliyopigwa na jua hupoteza ubora, na mnywaji wa kijijini Kalya ana haki ileile aliyonayo mnywaji wa Masaki, Dar es Salaam. Ninacholalamikia ni utaratibu.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliondoa masuala ya chakula TFDA (mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo) na kuyapeleka TBS (shirika la viwango) kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo, na wakati uleule tukaimbiwa MKUMBI, mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ambao ulikusudia hasa kuondoa mamlaka zinazogongana. Leo, ukiacha usajili wa jengo huko TBS na leseni ya biashara ya halmashauri, bado kuna OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) kwa kuwa ghala ni mahali pa kazi, kuna cheti cha Zimamoto, na kwa sisi wenye bia kuna leseni ya vileo inayotokana na sheria ya mwaka 1968 (sheria yenyewe ina umri wa babu). Kila dirisha linadai nakala zilezile za TIN (namba ya mlipakodi) na mkataba wa pango, kana kwamba dirisha la jirani liko nchi nyingine.

Hayo ningeyavumilia kama wakaguzi wangekuwa wanazungumza wao kwa wao. Ghala langu lina mlango wa nyuma unaotokea uchochoroni. Mkaguzi wa kwanza aliinama, akapitisha mkono kwenye uwazi uliokuwa chini ya mlango, akasema panya watapita hapo, hivyo niuzibe na mlango ufungwe muda wote. Nikamwita fundi, akapigilia bati na kuweka komeo. Akaja mkaguzi wa ofisi nyingine, akaliona komeo, akang'aka: huo ni mlango wa dharura, lazima ufunguke kuelekea nje, bila kufuli. Nilipomwonyesha maelekezo ya mwenzake, alijibu kwamba hayo hayamhusu. Sasa mimi nimtii nani, na gharama za fundi namdai nani?

Wakati wote huo kodi ya pango inahesabika. Huwezi kuomba usajili bila jengo, na huwezi kuingiza mzigo kabla ya usajili, kwa hiyo mwenye nyumba analipwa kwa ajili ya chumba chenye chaga tupu na buibui. Huku barabarani kuna watu wamepanga kreti juani tangu asubuhi, hakuna anayewauliza chochote, na wateja wangu ndiko wanakohamia.

Ninachotaka wahusika wafanye hakihitaji sheria mpya. Wakaguzi wote waje siku moja, wajaze karatasi moja, wote waitie sahihi, na wakipingana wamalizane hapo hapo ghalani kabla ya kuniandikia maelekezo. Vyeti navyo viishe muda kwa tarehe moja. Na masharti ya ghala la vinywaji, kwa vipimo, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa manispaa ili mtu ayasome kabla ya kusaini pango.

Wenzangu wa Kasulu, Kibondo na Tabora, kuna yeyote aliyewahi kukabidhiwa masharti hayo kwa maandishi kabla ya kukaguliwa? Na mlango wenu wa nyuma mmeambiwa ufunguliwe au ufungwe?