MJADALA: Kabla ya kuandikiwa kitabu kikubwa cha diplomasia ya Uganda, nyaraka zenyewe ziko wapi?

Ndugu zangu, hili jambo tuliongee wazi. Kwenye kundi letu la walimu wa historia hapa Kampala kumezuka hoja na watu wamegawanyika vibaya. Upande mmoja unasema wizara ya mambo ya nje igharamie kitabu kimoja kikubwa cha rejea, historia ya sera ya nje ya Uganda toka 1962 mpaka leo, kikae kwenye maktaba ya kila sekondari. Upande wa pili unasema hapana, serikali ikishika kalamu tutapewa sifa tupu, waachieni maprofesa wa Makerere. Mimi naona wote wanaanzia katikati. Tuchapishe nyaraka kwanza. Mikataba, barua za mabalozi, mihutasari ya vikao, telegramu, zikiwa na tarehe na majina na faharasa ya maana, halafu ndio profesa au wizara waje waandike simulizi yao na sisi tuwe na cha kuwapimia.

Kwa nini nalishikilia hili? Fungua kamusi yoyote kubwa ya diplomasia iliyoko kwenye maktaba zetu, hizi nene zilizochapishwa Uingereza na Marekani, utafute Uganda. Utakuta Amin, Wahindi kufukuzwa 1972, mateka wa ndege kuokolewa Entebbe 1976, basi. Utadhani nchi hii haijawahi kutuma mjumbe mahali wala kukaa mezani na mtu. Wakati Kabaka Mutesa I alituma wajumbe watatu mwaka 1879, wakasafiri na wamisionari mpaka London wakafika 1880 na wakapokelewa na Malkia Victoria. Hiyo ni miaka kumi kabla Waingereza na Wajerumani hawajakaa mwaka 1890 kugawana huku kwetu kwa mkataba ule wa Heligoland. Mwanafunzi wangu wa S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, anaujua mkataba wa Heligoland kwa moyo, wale wajumbe watatu hajawahi kuwasikia.

Au chukua Desemba 1981. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa limekwama kuchagua katibu mkuu, China inampigia veto Waldheim aliyekuwa anautaka tena ukatibu mkuu, Marekani inampigia veto Salim Ahmed Salim wa hapo jirani Tanzania, raundi baada ya raundi hakuna kinachosogea. Rais wa Baraza mwezi ule alikuwa balozi wetu, Olara Otunnu, kijana tu. Akawaomba hao wawili wakae pembeni, kisha akapigisha kura za majaribio za siri ili ijulikane kabla ya kura rasmi nani atapigiwa veto na nani hatapigiwa, na kwa njia hiyo akapatikana Pérez de Cuéllar. Kura za majaribio zinatumika pale mpaka leo. Ni Mganda huyo banange! Sasa niambieni, Kampala ilimwandikia nini wiki zile? Ilimwambia amsukume Salim, au ilimwachia aamue mwenyewe? Mimi mwalimu siwezi kumjibu mwanafunzi, maana barua hizo sizioni popote. Na Otunnu baadaye akaja kuwa mpinzani, akagombea urais 2011, kwa hiyo hebu fikiria kitabu cha simulizi tu kilichoandikwa chini ya serikali kitampa mistari mingapi. Barua ikishachapishwa ilivyo haijali nani alihamia chama gani.

Kuna mwenzetu kaandika kwamba hizo ni ndoto, hakuna serikali inayojianika. Wamarekani wanafanya hivyo toka 1861, wana mfululizo wa vitabu vya nyaraka za mambo yao ya nje, unaitwa Foreign Relations of the United States, na sasa upo bure mtandaoni. Na kazi yenyewe haikuwa safi siku zote. Mwaka 1989 walitoa kitabu kuhusu Iran ya miaka ile ya waziri mkuu Mossadegh, na mapinduzi ya 1953 yaliyomwondoa wakayaandika kana kwamba CIA, shirika lao la ujasusi, haikuwepo kabisa. Wanahistoria wakapiga kelele, mwenyekiti wa kamati iliyokuwa inashauri kazi hiyo akajiuzulu 1990, na mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria kwamba vitabu hivyo viwe kamili na vya kuaminika, vitoke ndani ya miaka 30, na kamati ya wanahistoria kutoka nje ya serikali iwe na macho yake ndani. Kitabu kipya cha Iran kikaja kutoka 2017. Kimechelewa mno, najua, lakini kimetoka, na kilichokitoa ni sheria pamoja na watu wa nje wenye haki ya kuuliza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sehemu ya historia yetu tunaisoma kwa hao hao. Wanadiplomasia wa Marekani walikuwa wanaandika telegramu kutoka Kampala enzi za Amin mpaka walipofunga ubalozi Novemba 1973, wao wana la kwao walilolisikia na kuliona, na sisi tunalinukuu kama ndilo tukio lenyewe kwa sababu upande wa pili wa meza, yaani upande wetu, hauna karatasi iliyotoka.

Na Waingereza je? Kabla ya uhuru walikaa wakachambua mafaili ya huku, mengine wakachoma na mengine wakapakia ndegeni, kazi waliyoiita Operation Legacy, kusudi serikali mpya isikute chochote cha kuwaaibisha. Yaliyobebwa yalifichwa Hanslope Park, kituo cha serikali yao kule Uingereza, na yakajulikana 2011 pale wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza kortini. Sasa yapo Kew, London, kwenye hifadhi yao ya nyaraka za taifa, ya Uganda yamo pia. Yaani kijana wa Mbale akitaka kusoma faili la Mbale inabidi aombe viza.

NAENDELEA, maana majibu yameshakuwa mengi.

Kuhusu usalama wa nchi. Sijasema tumwage ya juzi. Nimesema kuwe na muda uliowekwa na sheria, hata miaka 30, ukifika faili lifunguliwe isipokuwa mtu atoe sababu kwa maandishi. Sheria ya nyaraka za taifa tunayo toka 2001, sheria ya haki ya kupata habari tunayo toka 2005, lakini hiyo ya 2005 imeyaacha nje mihutasari ya baraza la mawaziri na kamati zake, na sera ya nje inaamuliwa humo humo. Jengo la kuhifadhi tunalo Wandegeya, hapa Kampala, zamani mafaili yalirundikwa chini ya ardhi kule Entebbe. Pa kuweka pamepatikana, sasa tunataka kuchapisha.

Aliyesema hela hizo ziende hospitali, nakuelewa, hata mimi nina wagonjwa nyumbani. Lakini angalia gharama ya kutojua. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda ilivunja sheria za kimataifa kwa vita vya Kongo, na Februari 2022 ikatuambia tulipe dola milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Hizo ni kodi zetu, na kwa dola milioni 65 unajua mwenyewe ungejenga hospitali ngapi. Hukumu yenyewe na hoja za pande zote mbili ziko wazi kwenye tovuti ya mahakama kule The Hague, na majaji walitumia mpaka ripoti ya tume yetu wenyewe, ile ya Jaji Porter iliyochunguza uporaji wa mali ya Kongo, kama ushahidi. Mlipa kodi wa Lira ana haki ya kusoma nani alishauri nini kabla wanajeshi hawajavuka mpaka, na ikifika miaka 30 asiombe kwa kupiga magoti.

Mwingine anauliza mambo ya zamani yanasaidia nini leo. Nenda Jinja. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, masharti yake ya maji yalikubaliwa kwa barua kati ya London na Cairo kuanzia 1949, na ndani yake Misri ikapewa haki ya kuweka mhandisi wake pale pale bwawani aangalie maji yanavyoachiwa. Sisi wenye mto hatukuweka saini. Mei 2010 mkataba mpya wa Nile ukatiwa saini Entebbe na Misri ikaukataa, ikabaki kushikilia ile ya zamani. Sasa mbunge anayejadili maji ya Nile bila kuzisoma barua za 1949 anajadili nini? Na azipate wapi, kwenye kitabu gani cha kwetu?

Kuhusu lugha nakubaliana na dada aliyesema faharasa na utangulizi viwe na Kiswahili pia. Nyaraka zenyewe ziachwe kwa lugha zilizoandikwa nazo, hapo nisingegusa neno, lakini mkutano wa Moshi wa Machi 1979, wa Waganda waliompinga Amin, na makubaliano ya Nairobi ya Desemba 1985, ya amani kati ya serikali ya Okello na waasi wa Museveni, yalihusu Watanzania na Wakenya sawa na sisi, na wao nao watavitafuta vitabu hivi.

Pendekezo langu ni dogo kwa makusudi. Tusianze na Kongo wala na Amin, hapo watu watashikana mashati mwaka mzima. Tuanze na juzuu moja tu, Oktoba 1962 mpaka Januari 1971, miaka ya Obote wa kwanza. Humo mna kuingia Umoja wa Mataifa, mna kiti chetu cha kwanza Baraza la Usalama mwaka 1966, mna mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliosainiwa hapa Kampala Juni 1967. Karibu wote walioshika kalamu wakati ule wameshatangulia mbele ya haki, na hao wachache waliobaki tuwahi kuwauliza. Kamati iwe na walimu na wanahistoria wasiolipwa na wizara, na kila ukurasa ulioondolewa iandikwe kwamba umeondolewa na ni nani aliyeuondoa.

Anayepinga aje, ila aje na jibu la hili: ni faili gani la 1965 ambalo likifunguliwa leo litaihatarisha Uganda?