Yule mtunzi wa tamthilia mnamjua. Mwanaharakati gani anapiga teke sufuria ya mama mkwe?

Wakuu, natoka kibanda cha video hapa Mwanga, Kigoma, sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Kwenye tamthilia yake kamleta tena "mwanaharakati" wake: mwanasheria, miwani myeusi hadi usiku wa manane, hacheki, hana mtoto, hana rafiki, hana hata shangazi!

Mama mkwe katoka kijijini na basi, kaja na migebuka na chupa ya mawese, kapika mwenyewe. Bibi Haki Sawa anaingia. PAA! Teke. Sufuria chini. "Sikusoma sheria nije kunusa samaki." Nani anaongea hivyo Tanzania hii? Migebuka! Teke!

Kibanda kikacheka mpaka mabati yakataka kung'oka. Kijana wa mbele akanigeukia, mimi niliyesimama juzi tu kwenye kikao cha mtaa kumtetea mjane asinyang'anywe kiwanja: "Mama, si ndio nyie hawa?"

Nafundisha Kiswahili. Mhusika bapa namjua, ana sifa moja na habadiliki, hana kosa. Huyu kachongwa ili achekwe. Utamtambua hivi: hana anachodai. Hataji mirathi, hataji kipigo, anasema "haki" kisha teke. Sehemu ya mwisho atalia, mwanaume atampokea, atajifunza kusonga ugali. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa vinakiuka Katiba, na 2019 Mahakama ya Rufani ikakubali. Aliyefungua kesi ile ni mwanamke, na hakupiga sufuria ya mtu! Hiyo si hadithi? Wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi wanadai chao kila siku, nani kawaona na miwani myeusi?

Lile teke sijalisamehe.

Kasulu Moja: Povu lote hili kwa sufuria? Mama, kunywa maji.

Mzee wa Katonga: Mwalimu, shikamoo. Ile sufuria haikuwa na tone la masizi. Migebuka haipikwi hivyo.

Mwalimu wa Gungu (mleta uzi): Marahaba, lakini sufuria si hoja. TEKE ndiyo hoja!

Binti Ujiji: Niko na mwalimu. Mama Mongella alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake, Beijing 1995, na hadi leo ukidai kiwanja cha marehemu baba yako unaitwa "wa Beijing".

Kasulu Moja: Afadhali nyie mmepewa miwani. Kigoma ikitajwa kwenye filamu lazima mganga atokee. Muha ni mlinzi wa geti au mchawi, basi.

Mnyamwezi Asilia: Sisi Tabora hata uchawi hatupewi. Treni inasimama, mtu ananunua asali dirishani, picha inakata.

Kasulu Moja: Asali yenyewe siku hizi mnaichanganya na sukari.

Mnyamwezi Asilia: Rudia hayo uone!

Mwalimu wa Gungu (mleta uzi): Jamani, teke…

Mzee wa Katonga: Migebuka leo imeshuka bei kidogo, anayetaka awahi kabla ya jua.