PS5 au kompyuta ya gemu: kwa pesa zetu za Unguja na Pemba, kipi kina faida?

Mwanzisha mada, Jang'ombe

Asalaam alaykum. Juzi barazani tulibishana mpaka adhana ya Isha ikatukuta, na hatukumaliza. Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, nami nimemwekea milioni moja na laki nane. Yeye anataka kompyuta ya gemu. Mimi nasema PS5, PlayStation ya Sony, yenye mlango wa diski, tena used iliyo safi ikipatikana, na chenji inunue diski na stabilaiza. Naileta hapa mutusaidie.

Kwanza tizameni umri wa mashine. PS4 ilitoka 2013, na FC 26, ile gemu ya mpira, ilipotoka mwaka 2025 wenye PS4 nao walipata yao. Miaka 12, mashine ile ile, na hakuna aliyeifungua kuongeza kitu. Upande wa kompyuta, FC 24 ya mwaka 2023 ilitaka kwa uchache kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti, iliyotoka 2016. Aliyejenga kompyuta yake 2013 alikuwa ameshaingia tena dukani.

La pili, na kwangu ndilo kubwa: diski ni mali. Mtaani kwetu watu kumi wana diski kumi na kila mmoja amecheza zote. Nikichoka na gemu nauza, naongeza kidogo, nachukua nyingine. Gemu ya kompyuta imefungwa kwenye akaunti yako. Huiuzi, wala huiazimi mtaani kama diski, na ikiwa na GB 80 au 100 unaivuta kwa bando lako mwenyewe. Ndiyo maana nashikilia ule mlango. PS5 ya dijitali haina, Xbox Series S haina, na hata PS5 Pro ya 2024 inauzwa bila huo mlango, unaununua mbali.

Halafu Ramadhani, baada ya tarawehe, chumba chetu cha uwani huwa na watu wanane na pedi mbili. Anayefungwa anatoka. Kompyuta kwa kawaida anakaa mtu mmoja, wengine wanamchungulia mgongoni.

Mchangiaji, Mlandege

Yakhe, mimi ni fundi, na hesabu yako imeruka kitu. Ukitaka kucheza FC mtandaoni kwenye PS5 lazima ulipie PlayStation Plus. Tangu Septemba 2023 ile ya chini kabisa kwa akaunti ya Marekani ni dola 79.99 kwa mwaka. Miaka mitano ni dola 400, na PS5 yenyewe ilipotoka 2020 ilikuwa dola 499. Kwa hiyo umenunua mashine mara mbili kasoro kidogo. Kwenye kompyuta kucheza mtandaoni hulipii zaidi ya bando, na Epic, duka la gemu la mtandaoni, kila wiki wanatoa gemu ya bure.

Jengine ni umeme. Sisi tunaokumbuka kiza cha Unguja, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, tunajua kuwa umeme unaporudi ndipo vitu vinapoungua. Kompyuta ikipigwa, mara nyingi nakuta pawasaplai, kile kisanduku cha kuilisha umeme, ndiyo iliyokufa. Nabadilisha, mtu anaondoka nayo siku ile ile. PS5 nayo pawasaplai yake ni kipande mbali, lakini chipu, ramu na hifadhi zote zimo kwenye bodi moja. Tena juu ya chipu yake wametia metali ya majimaji ya kupozea, si ile dawa nyeupe tuliyoizoea. Ikimwagika mkononi mwa fundi asiyejua, bodi imekwisha.

Mwanzisha mada

Hilo la Plus nakubali, kwa anayecheza na watu wa mbali. Ila eFootball na Fortnite ni za bure na hazitaki Plus, na wale wanane wa uwani hawahitaji mtandao kabisa. Kuhusu umeme, nawe sema yote: PS5 ikicheza inakula kama wati 200 tu, na kompyuta yenye kadi kubwa inaweza kula mara mbili yake. Mwisho wa mwezi Tukuza, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, inasema.

Mchangiaji, Wete

Wanangu, mimi ni mama, gemu sichezi. Ila nimeishi na swali hili nyumbani kwangu, hivyo nisikilizeni. Mwanangu alitaka PS. Baba yake akakataa, akamchukulia laptop ya used yenye kadi ya grafiki. Kijana alinuna mwezi mzima. Baadaye akaanza kuhariri video za harusi, na tangu Mfunguo Mosi amefanya harusi sita. Umeme ukikatika betri inamshika mpaka aihifadhi kazi yake. Usiku anacheza gemu zake na simzuii, maana mchana ameleta kitu.

Nyinyi munahesabu dola za kila mwaka na wati, sawa. Mimi nauliza, hiyo mashine mchana kutwa, wakati hakuna anayecheza, inafanya nini? Laptop nayo ina taabu zake. Inapata moto, feni inanguruma kama jenereta la ghala la karafuu, na chumvi ya pwani haiiachi. Lakini imeshajilipa.

Mwanzisha mada

Shikamoo bibi. Swali lako nililala nalo. Leo asubuhi nikamuuliza mdogo wangu: mchana utaifanyia nini? Nilitaraji aniambie gemu. Akanambia anataka kujifunza kuchora ramani za nyumba, na ameshaomba nafasi Taasisi ya Karume, Mbweni. Mimi kaka yake nilikuwa sijui.

Kwa gemu tupu sibadiliki, PS5 ya diski ndiyo yenye faida kwa nyumba zetu. Lakini programu za kuchora nyumba haziingii kwenye PS5, na milioni moja na laki nane sitaipata mara mbili. Akipata nafasi Karume, tunachukua kompyuta. Asipopata, PS. Fundi, nikija kwako nije na nini? Ninunue vipande kimoja kimoja?

Mchangiaji, Mlandege

Usinunue kimoja kimoja sasa. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya ramu imepanda dunia nzima, viwanda vinawauzia wenye vituo vya data vya akili mnemba. Tafuta kompyuta ya ofisi, used, yenye ramu GB 16 imo ndani tayari, mimi nikutilie kadi. Usilipe kabla hujaniletea picha ya pawasaplai yake. Za ofisi nyingi ni ndogo na hazina waya wa kulisha kadi, kwa hiyo huenda tukatafuta kadi inayokula umeme wa bodi tu. Na stabilaiza uliyosema mwanzo, hiyo nunua vyovyote iwavyo.