Tunatoka Nairobi kuja Nakuru na watoto watatu, tutafute nyumba mtaa gani?

mama_cherehani

Habari zenu watu wa Nakuru. Naomba mnijibu kwa roho safi juu hii kitu imeninyima usingizi karibu mwezi sasa. Tuko Nairobi, Kahawa West, nyumba ya bedrum mbili tunalipa 30,000 na maji tunanunua ya mitungi karibu kila wiki, na mwenye nyumba ameshasema mwezi wa kwanza kodi inapanda tena. Watoto ni watatu, wa kwanza Gredi 8, wa pili Gredi 5, kitinda mimba ako PP1, chekechea. Mimi nashona nguo, cherehani inaenda popote. Mzee wangu ako na kazi Industrial Area, anaingia siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi, na hiyo kazi hatuwezi kuiacha.

Sasa nimekuwa nikiangalia nyumba za huko kwa mtandao, Lanet, Kiamunyi, Free Area, unapata bedrum tatu na kauwanja ka watoto kwa 18,000. Hesabu yangu ilikuwa hivi, 30 toa 18 inabaki 12,000 kila mwezi, kwa mwaka hiyo ni 144,000, na hiyo kwetu ni karo. Lakini sina mtu huko hata mmoja, kwetu ni Bungoma na Nakuru mimi huipita tu kwa gari nikienda nyumbani, najua tu wale wa kuuza mahindi choma kwa dirisha.

Nataka kujua mtaa gani uko na maji, shule watoto watapokelewa aje, na mzee akiondoka Jumatatu asubuhi arudi Alhamisi usiku itawezekana ama tunajidanganya. Na wacha niulize bila kuzunguka, 2027 mwaka wa uchaguzi inakuja, mtu wa magharibi na watoto wake ataishi hapo kwa amani? Tuko na hadi Desemba kuamua.

mkaaji_lanet

Karibu mama. Mimi niko Lanet mwaka wa saba, nililea watoto wawili hapa, kwa hivyo nitakuambia venye nimeona.

Kitu ya kwanza Lanet si mahali pamoja. Kuna ile ya karibu na barabara kuu na kambi ya jeshi, hapo matatu za town hazikosekani na kodi iko juu kidogo. Alafu kuna Lanet ya ndani, ile unashuka steji unachukua boda, na hiyo boda ni asubuhi na jioni kwa kila mtoto, kwa hivyo ukiambiwa nyumba ni 13,000 uliza kwanza iko umbali gani na lami. Mvua ikinyesha hizo barabara za ndani ni matope, Januari na Februari ni vumbi inaingia hadi kwa kabati ya vyombo. Wewe ni fundi wa nguo, vitambaa vyeupe utavificha wapi.

Lakini kitu nataka ushike sana ni maji, na si kama yako ama hayako, ni yanatoka wapi. Huku Bonde la Ufa maji ya ardhini yako na floraidi nyingi kwa sababu ya mawe ya volkano. Ploti nyingi za huku zimechimba kisima chao, ajenti atakuambia kwa furaha "maji hayapotei hapa mama", na ni kweli hayapotei, lakini hayo maji mtoto akiyanywa miaka ile meno ya utu uzima yanajitengeneza ndani ya ufizi, yanatoka na madoa ya kahawia na hayo madoa hayasuguliwi yakatoka. Kipimo cha WHO, shirika la afya duniani, ni miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima huku vinapita hapo mbali. Na watu wengi hawajui, kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua kwa sufuria lakini floraidi inabaki yote, sasa inakuwa kali zaidi. Huyo wako wa PP1 ndiye ako kwa miaka yenyewe. Hao wakubwa wawili meno mengi yameshatoka ama yako karibu.

Sisi hufanya hivi, ya kisima ni ya kufua na choo, ya kunywa na kupika ni ya mvua, tuliweka mifereji na tanki, na kiangazi tunanunua ama tunatumia chujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, hiyo inashika floraidi kweli lakini lazima mkaa ubadilishwe ukichoka. Kwa hivyo ukienda kuona nyumba usiulize ajenti. Tafuta mtoto wa miaka kumi hivi amezaliwa kwa hiyo ploti, msalimie, acheke. Meno yake ndio majibu.

Na mbebe sweta. Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi, asubuhi ya Julai si ya mchezo.

baba_wa_alhamisi

Dada, nimesoma hesabu yako mara mbili na kuna mtu umemwacha nje, na ni mzee wako. Mimi nilikuwa huyo mzee. Tulihamisha familia 2022 kutoka Umoja kuja Free Area, mimi nikabaki na kazi Nairobi, kwa hivyo hii naongea nimeishi.

Weka hivi. Nauli kwenda na kurudi, tuseme 600 kila upande siku ya kawaida, wiki nne ni 4,800. Lazima alale mahali Jumatatu, Jumanne na Jumatano, hata akigawana rumu na mtu huko karibu na kazi ni 4,000. Usiku tatu kwa wiki atakula nje, weka 200, mara kumi na mbili ni 2,400. Jumla 11,200. Ile 12,000 yako imebaki 800. Na hapo sijaweka Pasaka na Desemba nauli inaruka bei wanajiskia.

Barabara nayo ni kilomita kama 160, siku nzuri masaa matatu uko nyumbani. Siku mbaya, lori moja likilala Kinungi ama pale kabla ya Gilgil, unafika saa saba usiku na watoto wamelala na asubuhi yao wanaenda shule wewe umelala. Saa hii tena wanapanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, itasaidia ikiisha, lakini mpango ni ikiisha ilipiwe, weka hiyo kwa akili. Kwa bahati yake yeye anatoka Alhamisi, Ijumaa jioni ndio wazimu.

Pesa si ndio iliniuma lakini. Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka mitatu, siku moja nimeingia Alhamisi akamwambia mama yake "mgeni amekuja". Hakuwa anacheza. Nilienda nikakaa nje kwa ngazi kidogo. Nilivumilia mwaka mmoja na miezi minne alafu nikapata kazi hapa Nakuru ya mshahara kupungua 9,000 na nikaikubali siku hiyo hiyo, na sijawahi juta hata wiki moja.

Sisemi msihame. Nasema mzee aanze kuuliza kazini kwao mapema kama kuna tawi huku ama kama anaweza bana masaa yaingie siku tatu. Hiyo ndio inabadilisha hesabu, nyumba ya bei rahisi pekee haibadilishi.

mwalimu_wa_njoro

Mama cherehani, mimi ni mwalimu na naona watoto wako wawili wote mwaka ujao ni watahiniwa, wa Gredi 8 anaingia 9 na wa Gredi 5 anaingia 6. Usajili wa hizo tathmini, yaani mitihani ya kitaifa, hufanywa mapema mwakani na mtoto anasajiliwa na shule alipo. Kwa hivyo mkihama, hameni Desemba na Januari wakuwe wameripoti siku ya kwanza. Msihame Aprili. Nimewahi ona mtoto amehama muhula wa pili wa Gredi 9, anakaa darasani huku na jina lake liko shule ya zamani mbali, siku ya mtihani ni kusafirishwa.

Ingine, kabla mtoke hiyo shule ya Nairobi hakikisheni mmebeba barua ya uhamisho na namba ya tathmini ya kila mtoto, na muulize kabisa kama alama za darasani zimeingizwa kwa mfumo. Huyo mkubwa alama zake za kuingia Gredi 10 ni asilimia 20 ya ule mtihani wa Gredi 6, 20 ingine ni za darasani Gredi 7 na 8, 60 ndio mtihani wa Gredi 9. Zikipotea njiani ni yeye ataumia. Shule zingine zitakwambia "tutatuma", wewe kaa hapo ofisini hadi uone.

nyar_kiboswa

Na kwani lazima Nakuru? Kama mzee atakuwa wa kulala Nairobi hata hivyo, sogea karibu na kwenu. Sisi tulikuwa Migosi hapa Kisumu tukavuka tu kaunti, tuko upande wa Vihiga, hapo Kiboswa barabara ya Kakamega. Kodi ilishuka karibu nusu, napanda matatu asubuhi kazi town, na huku juu kuna baridi nzuri na mbu ni wachache, huko chini malaria ilikuwa inatumaliza na watoto. Ukienda Luanda pia soko ni kubwa na mshonaji hawezi kosa kazi. Nyumba nzuri za kukodi si nyingi lakini, huku watu wengi wamejenga kwa shamba zao.

baba_wa_alhamisi

@nyar_kiboswa hiyo ni sawa kama mzee anarudi mara moja kwa mwezi. Kila wiki kutoka Nairobi hadi Vihiga atakufa na usingizi.

mama_cherehani

Nimesoma yote na nimemsomea mzee, ile ya mgeni amekuja alinyamaza akatoka nje. Asante baba kwa kuisema.

Nimerudia hesabu. Sasa hivi mzee anatumia 200 kwa siku kwenda kazi na kurudi, siku 16 ni 3,200, na huko akilala karibu atatembea kwa mguu. Kwa hivyo si 800, ni kama 4,000. Si 12,000 lakini si hewa. Shida ni ya kuingia, dipoziti 18, kodi 18, lori sijui ngapi?

baba_wa_alhamisi

Canter sisi tulilipa 14,000 hiyo 2022, saa hii haiwezi kuwa chini ya hapo. Hiyo ni 50,000 kwa mkono kabla hujanunua hata pazia. Kwa 4,000 kwa mwezi inarudi baada ya mwaka mzima na kidogo. Ndio maana nakwambia mambo ya kazi ya mzee kwanza.

mzee_wa_shabab

Hakuna mtu amemjibu huyu mama swali la 2027, na ameuliza kwa heshima, acha nijibu. Nimeishi Nakuru tangu 1989. Januari 2008 baada ya uchaguzi hapa kulichomeka, sitakudanganya, nilihifadhi jirani na watoto wake wanne kwa nyumba yangu siku tano na hatukuwa kabila moja. Tangu hapo tumepiga kura 2013, 2017 na 2022 na mtaani kwetu tulirudi kazini. Huu mji ni wa kila mtu, Waluhya wako hapa kutoka enzi za reli na wako na makanisa yao na vyama vyao. Ushauri wangu, chagua mtaa uliochanganyika, usiende mahali ploti nzima ni watu wa lugha moja hata kama ni yako. Na ujuane na majirani wa kushoto na kulia mwezi wa kwanza ule ule, peleka hata unga.

Na usikubali nyumba karibu na ziwa upande wa chini wa Mwariki ama Baruti hata kama ni ya bure. Ziwa limepanda miaka hii, nyumba za watu ziko ndani ya maji hadi leo. Pia ukiona ufa mrefu kwa ardhi ya ploti, ama mahali pamejazwa kifusi, ondoka, mvua kubwa ikikuja hapo panafunguka.

mkaaji_lanet

Na usitume pesa ya nyumba hujaona. Hata ya "kukushikia". Dada yangu alituma 10,000 kwa namba ya mtu, picha zilikuwa za nyumba ya mtu mwingine kabisa, akafika na vitu juu ya lori. Ongea na keateka, yule anaangalia ploti, uso kwa uso.

Ukija nitakupeleka. Chakula nayo usiogope, viazi za Molo, maziwa, sukuma, nenda soko la Wakulima jioni utashangaa.

mama_cherehani

Baba, nimeuliza mzee na amesema kampuni yao iko na stoo ndogo Nakuru, hakuwahi fikiria. Ataongea na bosi Jumatatu. Tumekubaliana kama bosi atasema hapana kabisa tunabaki hapa tutafute ya bei ya chini huku huku, siwezi fanya watoto wangu wasahau baba yao kwa 4,000. Akisema ndio, ama hata siku tatu, tunahama wiki ya kwanza ya Desemba na Januari watoto wako darasani.

@mkaaji_lanet nakuja Jumamosi na huyu mdogo tuone nyumba tatu, mbili Lanet na moja Kiamunyi. Nikitoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi nishukie steji gani, na nikuletee nini kutoka huku?

mkaaji_lanet

Shuka pale kwa kambi usifike town, nitakuwa hapo na kijana wangu wa boda. Usilete kitu. Leta tu sweta ya mtoto.