Tupeane uzoefu: Benki ikikukata mara mbili kwa muamala mmoja

Wakuu, salaam. Naanza na yaliyonikuta, halafu kila mtu amwage yake.

Nilichomeka kadi kwenye mashine dukani, nikaweka namba ya siri. Mashine ikafikiri weee, mwishowe ikatema karatasi: muda umekwisha. Keshia akasema ni mtandao, turudie. Tukarudia, ikakubali. Sijafika mlangoni simu ikalia mara mbili. Meseji mbili za makato, kiasi kile kile mpaka senti, moja ya saa 10:14, nyingine ya 10:15.

Nikageuka na simu mkononi. Keshia akanitolea ripoti ya mashine yake: muamala mmoja. Nikapiga benki: wao wanaona miwili. Nikabaki katikati, kila upande umenyoosha karatasi yake, na kibaya zaidi kila upande unasema kweli. Ombi la kwanza lilifika benki, likakubaliwa, ila jibu likapotea njiani. Mashine ikasubiri ikachoka. Hapo inatakiwa itume ujumbe wa kufuta lile ombi, lakini mtandao uliomeza jibu unaweza kumeza na huo.

Dada wa huduma kwa wateja aliniuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria: "Ule wa kwanza umeandikwa umekamilika, au unasubiri?" Nikatazama. Unasubiri. Akanieleza kwamba hiyo pesa haijatoka kwenye akaunti, imeshikiliwa tu, na duka lisipoidai itaachiwa yenyewe. Siku ya sita ikarudi kimyakimya. Meseji ya kukata hufika kabla hujarudisha kadi kwenye pochi. Ya kurudisha mimi sijaiona hadi leo.

Haya, wengine? Hata kama kesi yako haijaisha, iweke.

Risiti Mkononi

Mkuu, yako ilikuwa nyepesi. Mimi rejesho la mkopo lilikatwa mara mbili siku ya mshahara, na yote mawili yameandikwa yamekamilika. Hapo hakuna cha kusubiri, pesa imeshaondoka.

Rejesho lenyewe walinirudishia siku ya pili. Shida ni kilichotokea kati ya hizo siku mbili. Agizo langu la kudumu la kodi ya nyumba lilikuta salio halitoshi, likagoma. Benki ikanitoza faini kwa agizo kugoma. Mwenye nyumba naye akanitoza ya kuchelewa. Na kwenye mfumo wao nikaonekana mteja asiyeweka pesa ya kutosha, mimi niliyekuwa nimeweka!

Nilipokwenda tawini wakaniambia suala limefungwa, pesa imerudi. Nikaomba karatasi. Niliandika kosa ni lipi na tarehe yake, halafu kila kilichozaliwa na kosa hilo: faini ya benki, ya mwenye nyumba, na barua ya benki yenyewe ya kumweleza mwenye nyumba kwamba tatizo halikuwa langu. Faini zilichukua mwezi mzima kurudi. Barua ndiyo waliyoipigania kuliko vyote, nadhani kwa sababu ilikuwa na neno "tulikosea". Wengi wanaondoka na pesa ya kwanza, hizi ndogondogo wanaziacha. Msiziache.

Mstaafu wa Zamu ya Usiku

Nimesoma nikacheka peke yangu. Nilifanya kazi chumba cha mitambo cha benki, zamu ya usiku, kwa hiyo huyo Risiti Mkononi anaweza kuwa mmoja wa walionitukana bila kunijua.

Marejesho na maagizo ya kudumu hayaingizwi moja moja. Yanakuja kwenye faili, yanapita usiku, maelfu kwa mkupuo. Usiku mmoja mfumo ulikwama faili likiwa karibu nusu. Utaratibu ni kuendelea pale lilipoishia. Mwenzangu, usingizi umemjaa, akalianzisha upya. Mtauliza, mfumo hauna kinga? Unayo: unakataa faili lenye jina lililokwisha kupita. Sasa faili likakataliwa, yeye akadhani ni ubovu, akalibadilisha jina. Likapita vizuri sana.

Kwa kuwa faili lilipangwa kwa namba za akaunti, waliokatwa mara mbili ni wenye namba ndogo, yaani wateja wa zamani kabisa wa benki. Asubuhi foleni ilikuwa ya wazee watupu.

Na msidhani ni mambo ya benki ndogo. Februari 1994, Chemical Bank ya New York iliwakata mara mbili wateja wapatao 100,000 waliokuwa wametoa pesa kwenye ATM. Jumla ilikuwa dola milioni 15 hivi. Chanzo kilikuwa mstari mmoja tu wa programu mpya: kila utoaji wa ATM ulitumwa nakala kwenye mfumo wa hundi, nao ukakata tena kana kwamba mteja ameandika hundi. Tulikuwa tukisimuliana kazini kila mtu mpya aliposema "nimebadilisha kitu kidogo tu".

Kibao hugeuka pia. Krismasi ya 2021 Santander ya Uingereza ilirudia malipo 75,000 hivi ya wateja wake wa biashara, jumla pauni milioni 130, na safari ya pili pesa ikatoka kwenye fungu la benki yenyewe. Ikabidi benki ndiyo ibishe hodi kwa watu kuomba irudishiwe.

Muuza Duka

Naomba niwasemee wenye mashine, maana mteja akikatwa mara mbili tunaonekana wezi.

Jioni huwa nafunga mashine, yaani natuma miamala ya siku nzima benki ili nilipwe. Siku moja ikaandika imeshindikana. Nikafunga tena. Kumbe ya kwanza ilifika. Kila aliyenunua kwa kadi siku ile akakatwa mara mbili. Sikulala.

Kosa langu la pili ni huruma. Watatu walikuja wamefura, nikawarudishia taslimu kutoka kwenye droo. Siku nne baadaye benki nayo ikawarudishia wote. Wawili waliniletea pesa yangu wenyewe, wa tatu hapokei simu mpaka leo. Siku hizi nampa mteja nakala ya ripoti ya mashine, iliyogongwa muhuri, aende nayo benki kwake. Pesa inarudi kwa njia moja tu.

Mgeni Humu

Yangu ya aibu, naipitisha haraka. Nililipia hoteli, nikaona makato mawili, nikawaka pale mapokezi watu wote wakageuka. Moja ilikuwa malipo ya chumba. Nyingine dhamana waliyoishikilia nilipofika, na nilisaini mwenyewe. Viasi havikuwa hata sawa.

Mwanzisha mada

Hahaha, mkuu umefanya vizuri kuja nayo. Hata ukinunua mtandaoni kwa fedha ya nchi nyingine utaona kitu kama hicho: kiasi kilichoshikiliwa kimepigwa kwa kiwango cha siku ile, kinachokatwa kweli kwa kiwango cha siku nyingine. Kwa siku moja mbili unaweza kuona vyote na ukadhani umeibiwa.

Risiti Mkononi

Nyongeza, maana kuna anayesoma huku akisema "nitafuatilia mwezi ujao". Haki ya kudai ina mwisho. Marekani mteja ana siku 60 tangu atumiwe taarifa ya akaunti yenye kosa. Nchi za Umoja wa Ulaya ni miezi 13 tangu pesa ikatwe, lakini hata huko sheria inakutaka utoe taarifa mara tu unapogundua. Soma masharti ya benki yako usiku huu huu.

Na ukilalamika hadharani mitandaoni, tegemea kupigiwa simu na "afisa wa benki" anayetaka kukurudishia makato. Nilipigiwa na wawili ndani ya saa moja. Wote walitaka namba ya siri. Kurudisha pesa hakuhitaji namba yako ya siri.

Bado Nasubiri

Mimi leo siku ya 23. Ni kama ya mwanzisha mada, mashine ilisema imeshindikana, tukarudia, ila kwangu yote mawili yamekamilika. Nilijaza fomu ya kupinga muamala. Jibu limekuja jana, mstari mmoja: muamala umechunguzwa, ni halali. Nimechoka, nafikiria kuacha.

Mstaafu wa Zamu ya Usiku

Usiache. Kwenye fomu uliandika namba gani ya kumbukumbu? Kila muamala wa kadi una yake, aghalabu tarakimu 12.

Bado Nasubiri

Niliandika iliyo kwenye risiti.

Mstaafu wa Zamu ya Usiku

Risiti ipi? Ile ya kwanza si ilisema imeshindikana?

Bado Nasubiri

Ya pili. Ile iliyokubali.

Mstaafu wa Zamu ya Usiku

Basi wamechunguza muamala ulioulipia kweli, wakakuta ni halali. Fungua taarifa yako ya akaunti, tafuta ule mwingine.

Bado Nasubiri

Ngoja... Nimeuona. Tarakimu kumi za mwanzo ni zile zile, zinaachana mbili za mwisho. Siku 23 jamani. Kesho nipo mlangoni pao kabla hawajafungua, na safari hii naandika namba zote mbili.